Usimuulize mwanao amekuwa wa ngapi

Ripoti za kufunga mwaka zimeshafika nyumbani, na katika nyumba nyingi swali la kwanza ni lile lile: "Umekuwa wa ngapi?" Akijibu wa tatu, ananunuliwa soda. Akijibu wa arobaini, anaambiwa amtazame mwenzake wa nyumba ya pili. Mazungumzo yanaishia hapo mpaka ripoti nyingine ya mwezi wa sita.

Mama mmoja wa Kigombe, wilayani Muheza, ameniuliza afanye nini na kijana wake wa darasa la sita anayesema hana kichwa cha shule, heri aende zake baharini. Nilimwomba anisomee ripoti zote mbili za mwaka huu. Hisabati ya mwezi wa sita, alama 14 kati ya 50. Ya mwisho wa mwaka, 22. Nafasi darasani ilikuwa ya 42, sasa ya 41. Mama aliiona 41, na mtoto naye aliiona 41. Hakuna aliyeona kwamba 14 ni D na 22 ni C, na kwamba mtoto anayedai hana kichwa amepanda alama nane katika somo linalomtisha kuliko yote.

Baraza la Mitihani lenyewe, tangu Januari 2023, liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Sisi majumbani bado tunatangaza.

Ninaandika habari za afya, na swali hili naliona ni la afya pia. Kati ya darasa la tano na kidato cha pili mtoto yumo kwenye balehe. Ndio umri anaoanza kujipima kwa wenzake kila saa: urefu, sauti, viatu, alama. Akijiambia "mimi mjinga" katika umri huu, haoni kwamba ni hasira ya siku moja. Anaona ameshajijua. Na sehemu ya ubongo inayopanga mambo ya mbele inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo ukimuuliza "unataka kuwa nani?" atakujibu daktari au rubani, utafurahi, lakini jibu hilo halimwambii afanye nini leo baada ya kuosha vyombo.

Lengo la mtoto linatakiwa liwe karibu. Mwaka 1981 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Bandura na Dale Schunk, walichapisha utafiti wa watoto 40 wa shule ya msingi waliokuwa dhaifu katika hesabu na wasiozipenda kabisa. Walipewa mazoezi yale yale ya kutoa, kurasa 42 kwa vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lijaribu kumaliza kurasa sita kila kipindi. Jingine liliambiwa limalize zote 42 mwisho wa vipindi saba. Piga hesabu, ni kazi ile ile. Lakini waliopewa sita sita ndio waliofanya vizuri zaidi, na ndio walioanza kuzirudia hesabu bila kusukumwa. Kila kipindi walijiona wamefika mahali.

Nilipomweleza yule mama habari ya vipande vifupi, nilikumbuka kwamba watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mvuvi hapangi mwaka mzima kwa mara moja. Anapanga kwa maji. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, karibu kila wiki mbili, na katikati yake yapo maji mafu. Bamvua likipita, watu wanajua wamepata nini na wamepoteza nini, na wanajiandaa kwa jingine. Basi mtoto naye apimwe hivyo hivyo. Tena bamvua ndilo linaloweza kumtoa mtoto darasani, maji yanapotoka sana na mwamba ukaonekana, watu wakashuka kutafuta pweza. Kama kuna wakati wa kumuuliza habari za shule, ni huo.

Muulize nini? Anza na aliyoyaweza, na usikubali jibu la "hakuna". "Mwanangu, tangu bamvua lile, kitu gani ulikuwa hukiwezi na sasa unakiweza?" Nyamaza, mpe muda. Anaweza kutaja la shule, anaweza kutaja la nje. Yule kijana wa Kigombe huwasaidia wakubwa kuuza samaki. Anazidisha bei ya fungu kwa idadi ya mafungu kichwani na kurudisha chenji bila kukosea. Hiyo ni hisabati, na alama zake hazijaandikwa popote. Aiandike mwenyewe kwenye daftari, kwa maneno yake, hata kama mwandiko unapanda na kushuka.

Kisha lengo moja. Si matano. Liwe jambo analolifanya yeye, kwa sababu nafasi darasani inategemea na wenzake wamefanya nini. Na lifungwe kwenye kitu anachokifanya kila siku. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba anayesema "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutimiza zaidi ya anayesema "nitajitahidi". Kwa hiyo: "Nikishamaliza kuosha vyombo vya jioni, nitafanya hesabu tano za sehemu kabla sijashika simu ya baba." Hilo ni lengo. "Nitaamka saa tisa usiku kila siku kusoma" ni adhabu. Mtoto wa miaka 13 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mdogo zaidi ya hapo anahitaji saa 9 au zaidi.

Nakuomba mzazi, kabla ya kupanga lolote, uangalie mwili. Je, mtoto anaona ubaoni akikaa nyuma? Mwambie asome kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Anasikia vizuri? Anakwenda shule ametia nini tumboni? Binti anakosa siku ngapi kila mwezi kwa sababu ya hedhi, na je, ana kitu safi cha kujihifadhi? Homa za mara kwa mara zimepimwa, au zinapozwa kwa vidonge vya dukani? Nimekutana na watoto walioitwa wazito kumbe walikuwa hawaoni ubao, na hapo hakuna lengo litakalosaidia kabla ya kupima macho.

Kuna bamvua litakalopita na hesabu hazikufanywa. Msiba ulitokea, mafuta ya taa yaliisha, au ni uvivu tu. Msikilize aseme sababu mwenyewe, kisha mpunguze. Tano ziwe tatu, zianze leo jioni, na daftari likae mahali ambapo na yeye mwenyewe anaweza kulifungua.