Kompyuta ya Manundu na Kadi Iliyonyamaza



Imekuwa desturi yetu katika ukurasa huu kueleza mambo ya elimu na kazi ambayo nyumba zetu hukutana nayo. Mwezi huu twapenda kuwasimulia jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu mjini Korogwe, katika mtaa wa Manundu, tulipokuwa wageni wa mzee mmoja ambaye tumejuana naye kwa miaka mingi. Jambo lenyewe lahusu kompyuta. Lakini msomaji asiyejua kompyuta asifunge ukurasa, kwani ndani yake mna khabari ya jirani aliyekaribia kuvunjiwa heshima yake bila ya kosa.

Mzee huyo ana binti aliyemaliza kidato cha sita, naye alikuwa akijitayarisha kuomba mkopo wa elimu ya juu. Maombi hayo siku hizi hujazwa kwa mtandao, tena yana siku yake ya kufungwa. Siku hiyo ikipita, mwombaji hana la kufanya ila kungoja mwaka mwingine. Basi baba akajikaza, akanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, kutoka kwa jirani yake afanyaye biashara ya vyombo vya namna hiyo. Kabla haijaunganishwa na mtandao hata mara moja, mpwa wake ambaye ni mwanafunzi alikuja kumwamkia, akaitazama. Akaona kwamba ndani yake mlikuwa na Windows 7 iliyonakiliwa bila ya kulipiwa. Zaidi ya hayo, wenye kuitengeneza Windows 7 waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Januari 2020, na chombo kisichohudumiwa ni kama nyumba isiyotiwa komeo. Kwa sababu mbili hizo, moja ya haki na moja ya usalama, kijana akaifuta yote, akaweka mahali pake Lubuntu, ambayo ni moja katika jamii ya programu za Linux. Siku ya pili akarudi chuoni.

Pengine msomaji atauliza: Linux ni kitu gani? Kila kompyuta yahitaji programu kuu iwezayo kuendesha vyombo vyake vyote. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha programu ya namna hiyo, kisha akakitoa kwa watu. Sharti lake ni kwamba kila mtu ana ruhusa ya kukitumia, kukifungua, kukitengeneza na kumpa mwenziwe. Juu ya kiini hicho zimejengwa programu nyingi. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanza kutolewa mwaka 2004 kwa juhudi ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la huko lenye maana ile ile ya utu wetu. Lubuntu ni ndugu yake mwepesi, afaaye kompyuta za zamani. Wala sisi Waswahili hatukuwa mbali na kazi hii ya kugawana elimu. Mwaka huo huo wa 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya mahesabu kwa lugha ya Kiswahili, nacho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mkono katika kazi hiyo.

Turudi Manundu. Tulipofika tulikuta kompyuta ikiwaka vizuri. Kioo safi, herufi zaandikika, saa yaenda. Illa jambo moja: haikuona mtandao wowote usiotumia waya. Simu zote nyumbani ziliona mitandao ya majirani, lakini kompyuta ilionyesha orodha tupu. Binti alikuwa amekaa kando, hasemi neno, na siku ya kufungwa kwa maombi ilikuwa imebaki wiki moja.

Baba yake alikuwa ameghadhibika. Alituambia, “Ndugu yangu, nimeuziwa kiziwi! Yule jirani alijua kwamba kompyuta hii ni mbovu, akaninyamazia. Nimekwisha kuwaambia watu watatu, na Ijumaa nitamwuliza mbele ya watu, aone haya.”

Tukamwuliza, “Je, mzee, umeipima?”

Akajibu, “Nipime nini tena? Si waona mwenyewe kwamba haisikii?”

Tukamwomba atupe subira ya saa moja tu. Twaeleza hapa tuliyoyafanya, hatua kwa hatua, kwani twajua kwamba ziko nyumba nyingine zenye msiba kama huu.

Jambo la kwanza ni kutazama kama kadi ya mtandao imefungwa. Kompyuta nyingi za zamani zina kitufe pembeni, au alama ya mnara juu ya herufi, ambayo mtoto aweza kuigusa bila kujua, kadi ikazimika. Katika Linux hufunguliwa dirisha la amri, huandikwa maneno haya: rfkill list. Likija jibu kwamba kadi imezuiwa, hutazamwa kile kitufe kwanza. Kadi ya mzee haikuwa imezuiwa.

Jambo la pili ni kuuliza kama kadi ipo na kama kompyuta yaitambua. Amri yake ni lspci -nn. Hapo hutoka orodha ya vyombo vilivyomo ndani, na kila kimoja kina namba zake katika mabano. Nusu ya kwanza ya namba ni ya kampuni iliyokitengeneza: 8086 ni ya Intel, 10ec ni ya Realtek, na 14e4 ni ya Broadcom. Kama kadi haionekani kabisa katika orodha, hapo ndipo mtu aanze kushuku kwamba imelegea au imekufa. (Kadi iliyochomekwa kwa njia ya USB haimo katika orodha hii, hiyo hutafutwa kwa amri ya lsusb.) Sisi tuliiona pale pale, namba zake 14e4:4315. Basi tukamwambia mzee, “Kadi yako i hai. Sasa tuulize kwa nini haineni.”

Jambo la tatu ni kusoma daftari ambalo kiini cha Linux huandika kila kompyuta iwashwapo. Amri yake ni sudo dmesg. Daftari hilo ni refu, lakini hatukukawia kuuona mstari uliotaja b43, ukisema kwamba faili b43/ucode15.fw halikupatikana. Mstari huo mmoja ulikuwa ndio jibu la msiba wote.

Maana yake yafahamika upesi na watu wa Korogwe, waliozaliwa kati ya mashamba ya mkonge. Kadi hii ina akili yake ndogo, lakini haina kumbukumbu ya kudumu. Ni mfano wa kibarua aamkaye kila asubuhi amesahau kazi yote ya jana. Alfajiri yapasa nyapara amsomee karatasi ya maagizo. Asiposomewa atakaa kitako mchana kutwa, mwenye nguvu zake, wala hatakata jani moja. Nyapara ni ile programu inayoitwa draiva, nayo jina lake hapa ni b43. Karatasi ya maagizo ndiyo mafundi huiita famuwea. Katika kompyuta ya mzee kibarua alikuwapo na nyapara alikuwapo; iliyokosekana ni karatasi.

Kwa nini ikosekane? Kampuni iliyotengeneza kadi hizi haikutaka kuwaeleza watu wa Linux namna zinavyofanya kazi. Draiva yake ya Windows ilikuja na maagizo yote ndani yake, hata mwenye Windows hakujua kwamba kuna karatasi. Watu wa Linux walinyimwa. Basi wakajitokeza watu wa kujitolea, wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika maelezo ya namna kadi inavyoamrishwa. Kundi la pili, ambalo halikuitazama draiva ile, liliandika mpya kwa kufuata maelezo hayo, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba kazi ya mwenye mali imenakiliwa. Kazi yao iliingizwa katika kiini cha Linux mwezi wa Juni mwaka 2006, na mrithi wake, ambaye ni hii b43, aliingia Januari 2008. Hivyo nyapara akapatikana kwa haki. Lakini karatasi ya maagizo imebaki kuwa mali ya kampuni, na watoao Linux hawana ruhusa ya kuigawa pamoja na programu zao. Kila nyumba yapaswa kujichukulia yenyewe kutoka katika mtandao.

Hapo msomaji mwerevu ataona taabu iliyopo. Ili kompyuta ipate mtandao yataka faili. Na ili ipate faili yataka mtandao! Ni kama mtu aambiwaye ufunguo wa sanduku umo ndani ya sanduku. Mwenye waya wa mtandao nyumbani hutumia waya. Asiye nao, dawa yake i mfukoni mwa mwanawe. Tulichukua simu ya binti, tukaiunganisha na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu tukaruhusu mtandao wake utumiwe kupitia USB. Kompyuta ikaupokea papo hapo bila ya kuuliza chochote. Tukaandika sudo apt update, kisha sudo apt install firmware-b43-installer. Programu hiyo ndogo huenda yenyewe kuichukua draiva ya kampuni, huyakata maagizo yaliyomo ndani yake, na kuyaweka mahali pake. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha tena.

Orodha ikajaa majina ya mitandao ya jirani. Binti akasimama, akasema, “Baba, imesikia!” Jioni ile ile akaanza kujaza fomu zake.

Yatupasa tuwatahadharishe wasomaji kwamba dawa hii si ya kila kadi. Namba 14e4:4315 ina dawa yake. Ziko kadi nyingine za Broadcom zilizokuja baadaye ambazo b43 haiziwezi, nazo huhitaji draiva iliyotolewa na kampuni yenyewe. Kadi za Intel na nyingi za Realtek hazina taabu kubwa siku hizi, kwa kuwa kampuni zao zimeruhusu maagizo yagawiwe. Hata Broadcom, mwezi wa Septemba mwaka 2010, ilitoa draiva ya wazi kwa baadhi ya kadi zake mpya. Nao watu wa Debian, ambayo ni mama wa Ubuntu, walipiga kura mwaka 2022 wakakubali kuyatia maagizo ya namna hii, yale yenye ruhusa, katika programu yao ya kuwekea, na toleo la 12 la mwaka 2023 likatoka hivyo. Kwa hiyo soma namba kwanza, kisha utafute dawa ya namba hiyo. Usitie dawa ya jirani kwa kuwa tu yeye alipona.

Aidha twatoa nasaha mbili. Anunuaye kompyuta iliyokwisha kutumika na aiunganishe na mtandao pale pale dukani, muuzaji na mnunuzi wakitazama pamoja. Hivyo hapana atakayemshuku mwenzake kesho. Na atakaye kuweka Linux asifute kitu kwanza. Ubuntu na ndugu zake zaweza kuendeshwa kutoka katika flashi bila ya kugusa kilichomo. Jaribu mtandao, sauti na kioo. Ukiona kuna upungufu, tafuta dawa yake ungali na njia ya kutafutia. Laiti mpwa wa mzee angalifanya hivyo, angaligundua upungufu kabla ya kusafiri. Hatumlaumu, kwani alilolitenda lilikuwa jema, lakini jema nalo lina utaratibu wake.

Imebaki khabari ya jirani. Usiku ule, baada ya chakula, mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Wale watu watatu.” Tukamwambia kwamba kompyuta imekwisha kupona, lakini maneno yale yangali yakitembea mtaani, wala hayana amri ya kuyafuta. Asubuhi alivaa kanzu yake, akachukua bakora, akaenda nyumba moja baada ya nyingine. Kwa kila mmoja alisema kwamba alimdhania jirani yake vibaya, na kwamba kompyuta ilikuwa nzima tangu siku ya kununuliwa. Mwisho akaenda kwa jirani mwenyewe. Huyo hakuwa amesikia neno lolote. Akastaajabu, akamkaribisha kahawa.

Dini yetu yatukataza dhana mbaya, nasi twajua hivyo tangu utotoni. Lakini chombo kikituharibikia, hasira hutusahaulisha. Mzee huyu alikuwa na chombo kizima mbele yake, tena daftari la chombo hicho lilikuwa limeandika wazi kosa liko wapi. Hakuna aliyelisoma. Basi, wasomaji wetu, tusome daftari kwanza, kisha ndipo tuseme.

Mwenye kukwama atuandikie, ataje namba za kadi yake kama alivyozikuta katika orodha, nasi tutamjibu katika ukurasa huu kwa kadiri ya elimu yetu.