Vitamini C si tiba ya sumu ya magugu

Msimu wa palizi unapofika katika mashamba ya mihogo na mikorosho ya Kibaha na Kisarawe, mkulima hupiga hesabu moja. Vibarua wa jembe ni ghali na hawapatikani kwa wakati, wakati mabomba machache ya dawa ya kuua magugu humaliza kazi ya siku kadhaa kwa asubuhi moja. Hesabu hiyo si mbaya. Inachoacha nje ni gharama ya ajali, na hapo ndipo zinapoingia tiba za mitaani: maziwa, maji ya limao na vidonge vya vitamini C.

Imani juu ya vitamini C haikuzuka hivi hivi. Parakwati, ambayo wakulima wengi waliizoea kwa jina la Gramoxone, ikiingia mwilini huigeuza oksijeni kuwa sumu inayounguza viungo, hasa mapafu. Vitamini C ina sifa ya kupunguza uharibifu wa aina hiyo, ndiyo maana watafiti wameijaribu kwa wanyama, na madaktari wa Korea Kusini wakaitoa kwa njia ya mshipa, kwa dozi kubwa, kwa wagonjwa waliolazwa. Hata hivyo, haijathibitishwa kuwa inaokoa maisha ya binadamu, na parakwati haina dawa ya kuiondoa makali. Machungwa ya Kisarawe ni chakula kizuri, basi. Korea Kusini yenyewe haikupata nafuu kwa vitamini: ilifuta usajili wa parakwati mwaka 2011, mauzo yakasimamishwa mwaka 2012, na vifo vya sumu za mashambani vikapungua sana.

Ubaya wa tiba hizi ni kwamba zinakula muda. Mtu aliyemeza parakwati kwa bahati mbaya anaweza kutapika na kuungua mdomo, kisha akapata unafuu wa siku moja au mbili. Nyumbani watasema vidonge vimefanya kazi, kumbe mapafu yanaendelea kuharibika. Mkaa maalumu wa hospitali, unaonasa sumu tumboni, hufaa katika saa za mwanzo tu. Anayetoka Maneromango au Mzenga hana saa za kupoteza akisubiri limao.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao, na pengine ndiyo kubwa. Mwenye nusu ekari hawezi kununua lita nzima, hivyo muuzaji humpimia dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Biashara inakwenda, lakini lebo inabaki dukani. Chupa hiyo ikiwekwa uvunguni mwa kitanda, mtoto haoni tofauti. Na mgonjwa akifikishwa Tumbi au hospitali ya Kisarawe bila lebo, daktari anabaki kubahatisha. Kubahatisha huko kunaweza kuua, kwa sababu mgonjwa anayehema kwa shida kwa kawaida huwekewa oksijeni, ilhali kwa aliyekunywa parakwati oksijeni ya ziada huchochea uharibifu wa mapafu na madaktari huizuia hadi inapokuwa haina budi. Glaifoseti na 2,4-D ni sumu nyingine kabisa, na matibabu yake ni tofauti.

Kwa hiyo ajali ikitokea, nguo zilizolowa zivuliwe mara moja na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Macho yaoshwe kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali hata kama anajisikia vizuri, na chombo cha dawa kiende naye.

Suala la vipimo vidogo linahitaji jibu la kibiashara, maana kumkemea muuzaji hakumpi mkulima dawa ya nusu ekari. Wasambazaji wanaweza kuleta pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, zenye maelezo ya Kiswahili. Vyama vya ushirika vya msingi, ambavyo tayari hukusanya korosho, vinaweza kununua kwa pamoja na kumlipa mpulizaji mmoja aliyefundishwa, mwenye glovu, mabuti ya mpira na miwani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina uwezo wa kuanza na maduka ya Mlandizi na Maili Moja kabla ya mvua za masika.