Kijana anayekimbia si lazima awe mwizi

Leo tunasema juu ya polisi, bila matusi na bila woga.

Mdogo wetu wa miaka 16 alitoka Kabezi jioni kupeleka ndagala. Barabarani akaona tochi na watu wenye sare, akakimbia. Wakamkamata, akalala kwenye kasho pamoja na watu wazima. Mama yake alizunguka usiku kucha, hakuna aliyemwambia kitu. Sisi tunaojitolea tulimkuta kesho yake. Hatutaji ni wapi, maana hatutafuti ugomvi. Tulipouliza kosa lake, tukajibiwa: "Kama hana kosa, alikimbia nini?"

Hilo swali lina jibu. Wengi wetu tumetoka Uvira na Fizi. Kule ukiona mtu mwenye sare usiku, hausimami kuuliza ni wa kundi gani. Miguu inaondoka kabla ya akili. Kwa polisi, kukimbia ni ushahidi. Kwetu, kukimbia ndiko kulikotufikisha hapa tukiwa hai.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mdomo utangulie mkono. Afande asalimie, aseme yeye ni nani, ndipo aulize kadi. Wengine hatujazoea Kirundi. Kuchelewa kujibu si kiburi.

Pili, kijana akikamatwa, jina liandikwe na familia ijulishwe mara moja.

Tatu, mtoto asilazwe na wakubwa.

Huu si upendeleo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Burundi imeukubali, unasema katika kifungu cha 37 kwamba kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi, na atengwe na watu wazima. Mwongozo wa Luanda wa 2014, wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nao unataka aliyekamatwa aambiwe sababu na aweze kuwajulisha watu wake. Hata hapo Rumonge kuna kituo cha watoto waliokosana na sheria. Yaani nchi inajua kwamba mtoto si mtu mzima. Tunataka ujuzi huo ufike mpaka barabarani, usiku.

Na sisi tuna kazi yetu. Kadi iwe mfukoni. Tusimame, mikono ionekane, tusijibu kwa hasira. Afande naye mara nyingi ni kijana kama sisi, amesimama kwenye mvua, hajui nani anakuja gizani.

Ndugu zetu wa mashirika, msitufundishe sisi peke yetu na polisi peke yao. Tuwekeni benchi moja, tuzungumze kabla ya shida.

Yule mdogo wetu hapeleki tena ndagala jioni, na mama yake anauza kidogo. Anasema akiona tochi tena, atakimbia. Sisi tunataka siku moja asimame, asalimiwe, aendelee na safari yake.