Mtoto wa Macho ya Buluu: Tuanze na Masikio Yake



Akizaliwa mtoto mwenye macho ya buluu, au shungi la nywele nyeupe juu ya paji, maneno huanza hata kabla ya akika. Mama huulizwa mtoto ni wa nani. Wengine hukimbilia kwa mganga. Sisi tunasema swali la kwanza liwe hili: je, mtoto anasikia?

Mwaka 1951 daktari wa macho wa Uholanzi, Petrus Johannes Waardenburg, aliandika kuhusu watu wenye alama hizi, na baadhi yao walikuwa viziwi tangu kuzaliwa. Leo inajulikana kwamba chanzo ni hitilafu ya jeni, kama ile iitwayo PAX3. Jeni hizo huziongoza seli za rangi, mimba ikiwa changa, zifike kwenye ngozi, nywele, macho na sikio la ndani. Ndiyo, sikio! Zisipofika huko mtoto hasikii, ingawa kwa nje sikio lake ni zima kabisa.

Wengi huchanganya hali hii na ualbino. Mwenye ualbino seli anazo, ila hazitengenezi rangi ya kutosha. Ndiyo maana kwa kawaida husikia vizuri. Tena ualbino mara nyingi hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Hali ya Waardenburg aghalabu hutosha mzazi mmoja, baba au mama, na kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu. Baba ambaye dalili yake ni mvi za ujanani tu anaweza kupata mtoto kiziwi. Na pengine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe.

Anayemshuku mkewe kwa rangi ya mtoto amkumbuke yule bedui aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.). Aliulizwa kuhusu rangi za ngamia wake, hadi akakiri mwenyewe kuwa asili ya mbali huweza kuvuta. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Kipimo cha kusikia hufanyika kwa mtoto mchanga akiwa amelala, wala hakiumizi. Kusubiri afike miaka mitatu ndipo tuone kama atasema ni kumpotezea miaka ya kujifunza lugha. Ikithibitika hasikii, nyumba nzima ianze lugha ya alama, na mwenye uwezo aulize kuhusu vifaa vya kusikia.

Na madrasa zetu je? Ni walimu wangapi wanaoweza kumfundisha mtoto huyu Al-Fatiha kwa mikono?