Mikono ya Grisi Haianzi Sifuri

Wasee, kuna ushauri unazunguka mitandaoni na umenichosha: "Kama wewe ni makanika na unataka kuwa developa, sahau mambo ya gereji, anza sifuri."

Niliambiwa hivyo mimi mwenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, nikaingia gereji ya anko pale Grogan, Nairobi, miaka miwili. Baadaye nikaanza kozi ya programu. Mwalimu akaangalia CV yangu akasema, "Hiyo ya gereji toa, inakuharibia." Nikatoa. Interviu ya kwanza nikaulizwa, "Hii miaka miwili ulikuwa wapi?" Nikanyamaza kama mwizi.

Nilikuwa nafanya nini? Hebu nieleze. Gari inaingia ikitetemeka, taa ya injini imewaka. Unachomeka mashine, inakupa P0301: silinda ya kwanza haichomi mafuta vizuri. Makanika mbaya anakimbia dukani kununua koili. Anko hakutaka huo ujinga. Alikuwa anasema, "Mashine imekuonyesha pale panauma, haijakuambia ni nini." Kwa hivyo unatoa koili ya silinda ya kwanza unaweka ya pili, na ile ya pili unaileta ya kwanza. Unafuta kosa, unawasha. Ikija P0302, tatizo limehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina hatia, angalia plagi, kisha nozo. Kitu kimoja kwa wakati.

Sasa uliza developa yeyote mzoefu vile anasaka kosa kwa programu. Ni hiyo hiyo! Soma ujumbe wa kosa, usiuamini wote, badilisha kitu kimoja, pima tena. Darasani niliona wasee wenye maksi kunizidi wakibadilisha mistari kumi mara moja. Programu inaamka, na hawajui ni mstari gani umeiponya. Kwa gereji hiyo inaitwa kubahatisha, na mwenye gari atarudi kesho akiwa na hasira.

Najua mtaniuliza, "Kwani spana inaandika Python?" Haiandiki, na siwezi kuwadanganya. Lugha ya programu utaisoma kutoka mwanzo, na utakaa miezi ukiandika vitu vidogo ambavyo havifanyi kazi. Pia kuna tabia ya gereji itakuumiza: uoga. Bolti ikikatika, imekatika. Kwa programu, ukitumia Git, unarudisha kazi ya jana na kujaribu tena. Mimi ilinichukua muda kuzoea. Lakini kukosa lugha si kukosa akili.

Enyewe, jiulize nani anafaidika ukijiona sifuri. Mara nyingi ni yule ana kozi ya kukuuzia. Mtu anayejidharau analipa bila kuuliza maswali.

Na nyinyi mnaoajiri, mnaandika "tunataka mtu wa kutatua matatizo", halafu swali la kwanza ni digrii iko wapi. NITA hupima makanika kwa mtihani wa ufundi, Gredi III mpaka I, bila kuuliza kama una digrii. Mtu anashika kazi, anaonekana. Kwani nyinyi mnashindwa na nini?

Wewe uliye chini ya gari saa hii na laptopu imefichwa kwa begi, usifute hiyo miaka. Iandike: "Miaka miwili nikitafuta chanzo cha hitilafu za injini na umeme wa magari." Mimi nimeirudisha kwa CV yangu, juu kabisa.

Anayebisha anipe programu iliyoharibika na saa moja. Nikishindwa hata kumwonyesha pale panauma, ndio aniambie niko sifuri.