Anywaye Maji na Ashike Jembe

Mkulima wa miteremko ya Kilimanjaro alijua tangu zamani namna ya kuyatumia vyema maji machache. Aliyaongoza kutoka mtoni kwa mfereji, ambao Wachaga huuita mfongo; na maji ya usiku, ambayo yangepita bure watu wakiwa wamelala, aliyakinga katika bwawa dogo liitwalo nduwa. Asubuhi nduwa ilifunguliwa, na shamba likapata maji mengi kuliko yale ambayo mfongo peke yake ungeleta kwa saa ile.

Katika mawasiliano ya kompyuta iko nduwa ya namna hiyo. Tuchukue mfano wa shule mjini Moshi yenye kompyuta 40 na njia moja nyembamba ya intaneti. Wanafunzi 40 wakitaka mchoro ule ule wa moyo wa binadamu, hakuna haja ya kuuleta mara 40 kutoka ng'ambo. Programu iliyowekwa kati ya shule na intaneti huuleta mara moja, huuhifadhi, kisha huwagawia wote. Mashuhuri miongoni mwa programu hizo ni Squid, iliyoanza kutolewa mwaka 1996, tena bila malipo. Siku hizi kurasa nyingi husafiri zikiwa zimefumbwa, na kwa hiyo manufaa ya akiba hiyo yamepungua. Hata hivyo, Squid ingali mlango wa maombi ya watumiaji katika taasisi nyingi duniani.

Lakini kitu cha wote kikiharibika, huwaumiza wote. Mwezi Desemba 2023 ilitangazwa kasoro moja ya Squid. Ombi la ukurasa huweza kubeba orodha ya anwani za kompyuta lilikopitia. Squid, ikiwa imeagizwa kuifuata orodha hiyo, ilijiita yenyewe upya kwa kila anwani kabla ya kuumaliza mwito uliotangulia, na kila mwito hula sehemu ya kumbukumbu. Orodha ikiwa fupi, hakuna neno. Mwenye nia mbaya akituma orodha ndefu mno, kumbukumbu iliyotengwa hujaa, programu huanguka, na wote wanaoitegemea hukosa huduma. Hakuna kilichoibwa, mfereji umezibwa tu. Dawa, iliyokuja katika toleo la 6.6, ilikuwa nyepesi: kuweka kikomo cha anwani 64.

Kwa nini basi kasoro nyepesi hivyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 10? Jibu si la kiufundi peke yake. Mwezi Oktoba 2023 mtafiti Joshua Rogers alieleza kwamba uchunguzi wake wa mwaka 2021 ulifichua kasoro 55 katika Squid, na kwamba 35 zilikuwa hazijarekebishwa. Alieleza pia kuwa watunzaji wake hawatoshi kwa kazi hiyo. Watumiaji ni wengi mno. Wenye kushika jembe ni wachache.

Wapo watakaosema kwamba heri tununue programu za makampuni makubwa. Sikubaliani nao. Programu ya kununuliwa nayo ina kasoro, ila mwenye kuinunua haruhusiwi kutazama ndani yake. Programu huria ni kama mfongo: mlimani, watumiaji wa mfongo hutoka pamoja kuuzibua na kuutengeneza, na asiyetoka hana uso wa kudai zamu yake ya maji. Sisi tumezoea kuchota tu.

Hapana budi tubadilike, na mahali pa kuanzia ni darasani. Mwalimu wa kompyuta na ahakikishe kwanza kwamba programu za shule ni za toleo jipya. Kisha awazoeze wanafunzi kuuliza, kwa kila programu waandikayo: je, nikipewa orodha ya vitu milioni moja badala ya vitano, itakuwaje? Swali hilo halihitaji mashine ya gharama. Mwanafunzi aliyezoea kuliuliza ataweza kesho kusoma programu iliyoandikwa na wengine, kuona mahali pasipo na kikomo, na kuwaarifu watunzaji wake. Siku hiyo nasi tutakuwa tumetoka na majembe yetu.