Mkasi Mweusi: Tunanunua Chuma au Rangi?

Juzi Jumamosi nilikwenda saluni Sinza kupunguza nywele. Si kunyoa, kupunguza. Tangu niziachie ziwe afro nimegundua kwamba mashine peke yake haitoshi, lazima umpate kijana anayeujua mkasi. Kijana wangu anaujua. Lakini siku hiyo kila akikata nilihisi nywele zinavutwa. Nikamuuliza, "Vipi mdogo wangu, leo unaninyoa au unaning'oa?"

Hakucheka. Akanionyesha mkasi mweusi tii, unaovutia kweli, alioununua wiki tatu zilizopita kwa shilingi 60,000. Muuzaji alimwambia ni titaniamu tupu. Sasa weusi umeanza kubanduka karibu na skrubu, na chini yake kuna vidoa vya kutu. "Kaka, nimeingizwa mjini," akasema. Kwa mtu anayelipwa kwa kichwa, hivyo ni vichwa vingi mno.

Nimeulizia kwa mafundi, nimesoma, na ninachokiona ni hiki: wengi wetu tunanunua rangi. Muuzaji ana lake la kujibu, lakini na sisi hatuulizi.

Tuelewane. Sisemi mkasi mweusi ni mbaya. Ule weusi ni utando tu, mwembamba kuliko unywele wenyewe. Ukiwa umepakwa vizuri una kazi yake: unapunguza kutu, haumeremeti kwenye taa, na unamsaidia mtu ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli. Lakini utando haukati nywele. Kinachokata ni chuma cha pua kilicho chini yake, na siku mkasi unaponolewa, utando wa kwenye makali unaondoka. Hiyo "titaniamu tupu" nayo ni hadithi, maana titaniamu ni laini mno kushika makali ya kukata nywele.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe rangi, liwe chuma. Majina kama 440C na VG-10 si urembo, ni aina za chuma kigumu kinachokaa na makali. Mikasi mizuri ya kinyozi huwa na ugumu wa kati ya 58 na 62 kwa kipimo cha Rockwell. Wajapani wanaliheshimu jambo hili. Mji wao wa Seki ulikuwa wa wahunzi wa panga za vita, na mwaka 1876 serikali ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani, wahunzi wengi nchini humo waligeukia visu na mikasi. Ujuzi ule ule, kazi nyingine.

Kama muuzaji hajui chuma gani, beba kishungi cha nywele kutoka saluni ukajaribu. Nywele zikikunjwa au kusukumwa mbele, rudisha mkasi kabatini kwake.

Halafu kuna matunzo, na hapa ndipo tunapoharibu hata kilicho kizuri. Futa mkasi kwa kitambaa laini baada ya kila mteja. Usafishe kwa spiriti, usiuloweke kwenye klorini, maana klorini inakula chuma. Jioni weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye skrubu. Kisha ufungue uwe kama msalaba, shika mpini mmoja, achia mwingine. Ukijifunga wote, skrubu imelegea. Usipoteremka kabisa, imekaza mno, na kiganja chako ndicho kitakacholipa baada ya kusimama saa 12. Na tafadhali, mkasi wa nywele haukati karatasi wala mfuko wa dawa.

La mwisho ni kunoa. Ndugu yetu wa jiwe la baiskeli namheshimu sana, visu vya nyumbani kwetu ananoa yeye. Lakini mikasi mingi ya Kijapani ina makali yaliyobinuka kidogo kwa nje, kama ganda la kombe. Jiwe lile linayalaza bapa kwa dakika moja, na hapo mkasi wa laki tatu unakuwa sawa na wa elfu tano. Mtafute anayenoa mikasi ya saluni, hata kama ni mbali, hata kama ni ghali.

Kijana wangu amerudia mkasi wake wa zamani, mweupe, aliorithi kwa aliyemfundisha kazi. Haung'ari, umechakaa mpini, lakini nywele zangu hazikuvutwa tena. Nadhani tabia hii tunayo kwenye simu, viatu, hata viongozi: tunapenda kinachometameta, halafu tunashangaa hakikati.

Wewe kinyozi unayesoma hapa, mkasi wako ni chuma gani? Kama hujui, leo jioni uutazame vizuri chini ya ile rangi.